Treni ya Moshi kwenda Dar es Salaam mwezi Desemba 2021: familia ipunguze vipi gharama?

Mama wa Pasua, Moshi

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba ushauri wa mtu aliyekwisha kusafiri na familia katika treni ya kaskazini, kwa sababu mimi sijaipanda tangu irejee, ingawa honi yake naisikia nikiwa jikoni kila inapopita.

Tarehe 18 Desemba 2021 shemeji yangu anafunga ndoa Dar es Salaam. Tutakuwa watu watano: mimi na mume wangu, mama mkwe ambaye amevuka miaka sabini na magoti yanamsumbua, binti yetu wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wake wa miaka miwili. Tunataka kuondoka Moshi siku tatu kabla ya harusi na kurudi siku tatu au nne baada yake, kwa kuwa mume wangu lazima awe nyumbani kabla ya Krismasi. Mwaka jana tulikwenda kwa basi, nauli ikawa 30,000 kwa kila mtu mzima, kisha kondakta akatudai fedha nyingine kwa ajili ya mkungu mmoja wa ndizi na mfuko wa magimbi, na hakutupa risiti. Safari hii mzigo ni mkubwa zaidi, maana hatuwezi kwenda harusini mikono mitupu: kuna mikungu mitatu, magimbi, na vyombo ambavyo mama mkwe ameahidi kumpa bibi harusi.

Nauli za treni za mwaka huu wa 2021 nilizonazo kutoka Moshi ni hizi: daraja la tatu 16,500, daraja la pili kukaa 23,500, na daraja la pili kulala 39,100. Nikizidisha kwa watu wazima watatu, kulala kunafika 117,300 kwa safari moja, yaani ghali kuliko basi, na daraja la tatu ni 49,500. Je, kuna punguzo lolote la familia? Kama halipo, tukate daraja gani ili fedha ipungue bila kumtesa mama?

Muuza Viatu wa Sakina, Arusha

Dada, pole na maandalizi. Mimi huteremka Kariakoo kufuata mzigo wa viatu, na tangu treni ifike tena Arusha mwezi Oktoba 2020 nimeitumia mara nyingi, kwa hiyo nitakueleza jinsi fedha inavyotoka mfukoni mwangu.

Punguzo la familia usilitegemee. Kinachoweza kupungua ni gharama zinazoizunguka nauli, na hapo ndipo wengi wetu hatupigi hesabu vizuri. Tukiondoka Arusha mchana, tunapita Moshi jioni na tunaamkia Dar. Maana yake usiku ule silipii nyumba ya kulala wageni. Nikienda kwa basi la alfajiri naingia Dar jioni, maduka yanafungwa, nalala, nanunua mzigo kesho yake, na mara nyingi nalala tena. Wewe unafikia kwa ndugu, kwa hiyo faida hiyo huenda isikuhusu, lakini mwingine anayesoma hapa aitilie maanani.

La pili ni mahali unaposhukia. Tangu Februari mwaka huu mabasi ya mikoani yanaishia Stendi Kuu ya Magufuli, Mbezi, na kutoka pale hadi mjini ni mwendo mrefu wa daladala, na mwenye watoto, mgonjwa wa magoti na mikungu mitatu hapandi daladala, atakodi gari. Treni inakushusha mjini, jirani na Kariakoo. Uliza kwanza harusi iko upande gani wa jiji. Kama ni Kimara au Mbezi kwenyewe, basi stendi ile iko mlangoni kwenu na hesabu hii inageuka.

La tatu ni chakula. Ndani ya treni kuna behewa la chakula, na sina malalamiko juu ya wali wao, lakini sahani tano za jioni na chai tano za asubuhi ni fedha ambayo ungeweza kuibakiza nyumbani. Mimi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vya kukaanga na chupa kubwa ya chai. Vyakula vya mchuzi viacheni, kwa sababu vinachacha usiku na kumwagika behewa linapotikisika.

Mzee wa Njoro, mstaafu wa reli, Moshi

Nimefanya kazi katika njia hii kabla ya safari za abiria kukoma miaka ya 1990, na treni ya abiria iliporudi Moshi mwezi Desemba 2019 nilikuwa mmoja wa waliosimama stesheni kuipokea. Mama, ninakupongeza kwa kupiga hesabu kabla ya kwenda dirishani, kwa sababu abiria wengi huamua daraja wakiwa wamekwisha simama kwenye foleni.

Nauli ya treni hii hupangwa kwa umbali na daraja, basi. Haipandi kwa sababu ya Krismasi wala haishuki kwa sababu umekata mapema. Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa kukata mapema hakupunguzi nauli, hakuna haja ya kuharakisha, na hapo ndipo wanapopoteza fedha. Daraja linalotafutwa likijaa, aliyechelewa hubaki na njia mbili tu: kupanda la gharama kubwa zaidi kama bado lina nafasi, au kurudi kwenye basi la msimu wa sikukuu kwa bei atakayoikuta.

Sasa tazama ratiba yako. Katikati ya Desemba watu wanapanda kuja Kilimanjaro, nyinyi mnashuka. Mabehewa yanayokwenda Dar siku hizo huwa na nafasi nyingi, lakini mtakaporudi tarehe 21 au 22 mtakuwa katikati ya wimbi lenyewe. Kwa hiyo, tiketi ya kukimbilia ni ile ya kurudi. Mwombe shemeji aliyeko Dar aende stesheni mara tu uuzaji wa siku hizo utakapofunguliwa, akiwa na majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho, na hii ya kwenda mtaikata hapa Moshi bila haraka.

Kuhusu daraja, si lazima watu wote watano wakae daraja moja. Wakati wa kwenda, kateni kukaa daraja la pili kwa watu wazima wote watatu, jumla 70,500, kwa kuwa behewa lisilojaa litampa mama mkwe wako nafasi ya kunyoosha miguu kwenye kiti kilicho wazi. Wakati wa kurudi nafasi hiyo haitakuwapo. Hapo mkatie yeye kitanda na wewe kitanda, jumla 78,200, na baba wa watoto akae daraja la tatu kwa 16,500. Inakuwa 94,700. Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, na kwa desturi wanawake huwekwa chumba chao na wanaume chao, isipokuwa kundi moja linapokata chumba kizima, kwa hiyo hata mngelipa vitanda vitatu mume wako angeweza kulala chumba kingine. Ukijumlisha kwenda na kurudi unapata 165,200 badala ya 234,600 ya kulala wote, mbali na nauli ya binti. Huyu wa miaka kumi na mmoja atalipiwa nauli ya mtoto, ambayo ni pungufu, hivyo beba cheti chake cha kuzaliwa kusiwe na mabishano dirishani.

Fundi wa Kijenge, Arusha

Shikamoo mzee. Naomba nichomeke swali linalofanana na hili. Sisi wa Arusha tunalipa 18,700 daraja la tatu, 26,700 kukaa na 44,400 kulala. Je, haifai tukachukua kosta hadi Moshi na kupandia treni hapo, ili tulipe nauli ya Moshi?

Mzee wa Njoro, mstaafu wa reli, Moshi

Marahaba mwanangu. Toa moja kwa moja uone. Tofauti ya Arusha na Moshi ni 2,200 daraja la tatu, 3,200 kukaa, na 5,300 kulala. Kama unalipa kosta 3,000, basi daraja la tatu umekula hasara ya 800 kabla hujalipa bodaboda ya kutoka stendi ya Moshi hadi stesheni, na daraja la kukaa umebakiza 200. Mwenye kitanda ndiye anayeokoa 2,300, na akiwa na begi zito hata hiyo itaishia kwa bodaboda. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 86 za reli, na kipande hicho, kilichokamilika mwaka 1929, ndicho cha bei nafuu kuliko chochote utakachopanda kati ya miji hii miwili ukiwa daraja la tatu. Panda Arusha.

Kwa kuwa vijana huniuliza kwa nini treni inachukua muda mrefu hivyo kufika Dar, niseme kidogo, maana muda nao ni gharama. Reli hii haikujengwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Ilianzia Tanga mwaka 1893 ikapanda polepole kupitia Korogwe na Mombo hadi kufika Moshi, na ikawa njia ya kuteremshia mazao hadi bandari ya Tanga. Ilikuja kuunganishwa na Reli ya Kati, ile inayoanzia Dar es Salaam, mwaka 1963, kwa kipande cha kilomita 188 kati ya Mnyusi na Ruvu. Ndiyo sababu abiria wa Moshi anashuka kwanza kuelekea Tanga, kisha anageuka kusini kutafuta Ruvu, halafu ndipo anapoingia Dar.

Baba wa Soweto, Moshi

Kwa heshima zote kwa mzee, mimi ningemshauri dada huyu atumie basi, na sababu yangu ni huyo mama mkwe. Nauli elekezi za mabasi, yaani zile zilizopangwa na mamlaka ya usafiri mwaka 2013 na ambazo bado zinatumika mwaka huu wa 2021, ni shilingi 36.89 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 53.22 kwa basi la daraja la kati. Kwa kilomita kama 560 za kutoka hapa hadi Dar, la kawaida linafika karibu 20,700 na la kati karibu 29,800. Maana yake anayetafuta unafuu wa kweli anaweza kupanda basi la kawaida kwa watu wazima watatu kwa shilingi 62,000 hivi, pungufu ya 70,500 za treni ya kukaa, akatoka asubuhi na mama akalala jioni kwenye kitanda cha mwanawe. Usiku mzima kwenye kiti, kwa mtu wa miaka sabini mwenye magoti mabovu, si jambo dogo. Mimi mama yangu mzazi nilimsafirisha hivyo akafika miguu imevimba, na fedha niliyookoa niliitoa zahanati.

Muuza Viatu wa Sakina, Arusha

Kaka, hesabu yako ni sahihi kwa mwezi wa Mei. Je, tarehe 21 Desemba pale Mbezi utalipata hilo basi la kawaida kwa nauli elekezi? Mwaka jana nilisimama stendi ya zamani tangu alfajiri nikiona tiketi zikilanguliwa mbele ya macho yetu. Nauli iliyoandikwa kwenye karatasi inamsaidia yule tu anayepewa tiketi yenye bei hiyo. Ikiwa mtu anaweza kukata basi la kurudi wiki kadhaa kabla, kwa tiketi yenye jina lake na nauli kamili, basi hoja yako inasimama. Vinginevyo upande wa kurudi treni inashinda.

Na mzigo umeusahau. Mikungu mitatu ya ndizi kwenye basi ni mazungumzo na kondakta, na kondakta anakuangalia usoni kabla ya kutaja bei. Kwenye treni abiria ana mzigo wake wa bure, na unaozidi unawekwa kwenye mizani, unalipiwa kwa kilo, unapewa risiti. Mimi kwa mzigo wa viatu ninaorudi nao, jambo hili peke yake ndilo lililonihamisha kutoka kwenye basi. Dada, ushauri wangu ni kwamba mikungu hiyo msiibebe mikononi kama mizigo ya abiria. Ifikisheni stesheni mapema mchana, ipimwe kama kifurushi, muda wa kuipokea Dar uulizwe hapo hapo. Kata vichane vya ndizi kutoka kwenye mkungu, vipange kwenye viroba au maboksi, uache kikonyo nyumbani, kwa sababu kikonyo ni kizito na unakilipia kilo bure. Ndizi zikatwe zikiwa mbichi kabisa, maana joto la Dar litaziivisha kabla ya siku ya harusi.

Mzee wa Njoro, mstaafu wa reli, Moshi

Baba wa Soweto amesema jambo la kweli na simpingi kwa ushabiki wa reli. Mtu mzima akikaa kitini bila kunyanyuka, miguu itavimba, iwe basi iwe treni. Tofauti ni kwamba kwenye treni anaweza kunyanyuka. Kuna nafasi ya kutembea ndani ya behewa, na choo kimo humo humo, hana haja ya kumwomba dereva asimame porini. Kwa bibi na kwa mtoto wa miaka miwili, mimi naliona hilo kuwa zito kuliko 8,500 zinazotofautiana kati ya basi la kawaida na kiti cha daraja la pili. Hata hivyo, kama daktari amemkataza kukaa muda mrefu, mkatieni kitanda njia zote mbili. Tofauti ya kiti na kitanda ni 15,600. Hiyo ndiyo gharama ya kumlaza, na familia inaweza kuitafuta kwingine, kwa mfano mume na mke kukaa daraja la tatu wakati wa kwenda. Viti viwili vya tatu na kitanda kimoja ni 72,100, yaani 1,600 tu juu ya kukaa wote daraja la pili.

Ila akilala peke yake katika chumba cha wanawake, wewe mama ujue behewa lake na namba ya chumba kabla treni haijaondoka, na umwombe mhudumu wa behewa ampatie kitanda cha chini. Kitanda cha juu kwa magoti yale hakipandiki. Na mpatie blanketi au shuka nzito, kwa sababu usiku katika nyika ya Same upepo huingia madirishani.

Mama wa Pasua, Moshi

Nawashukuru sana. Nimesoma kila neno na jana jioni tulikaa na mume wangu tukapiga hesabu upya. Harusi na sherehe zote ni Ilala, kwa hiyo treni inatushusha karibu, na gari la kukodi kutoka Mbezi tumelifuta kwenye bajeti. Mama mkwe nilipomsomea habari ya kitanda cha chini alisema kuwa alipanda treni hii akiwa msichana, akienda Korogwe kwa dada yake, na anataka kitanda. Tumekubaliana na mpango wa mzee: wakati wa kwenda yeye alale, sisi wawili tukae daraja la tatu, 72,100. Wakati wa kurudi mimi na yeye tulale na watoto, baba akae daraja la tatu, 94,700. Jumla ni 166,800. Basi la mwaka jana lingetugharimu 180,000 kabla ya ndizi, na hiyo ni kama tungelipata kwa bei ile ile.

Shemeji ameahidi kwenda stesheni Jumatatu. Nina swali moja lililobaki: je, nimtumie fedha yeye mwenyewe, au kuna namna ya mimi kulipa nikiwa hapa?

Muuza Viatu wa Sakina, Arusha

Akiomba nafasi dirishani atapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwambie akutumie namba hiyo, wewe ulipe kwa simu ukiwa Moshi, kisha yeye achukue tiketi. Utaokoa makato ya kumtumia na yeye kutoa, na utaona jina la anayelipwa kabla hujabonyeza kukubali. Namba hiyo ina muda wake wa mwisho, kwa hiyo lipa akiwa bado yuko pale stesheni. Na mtu yeyote atakayemwambia kwamba daraja la tatu limejaa lakini yeye anazo tiketi mbili pembeni, ampite aende dirishani kuuliza mwenyewe.

Baba wa Soweto, Moshi

Kwa mama kupata kitanda njia zote mbili, naondoa pingamizi langu. Mbebeeni na mto mdogo wa kuweka chini ya magoti. Mama yangu husema ungemsaidia kuliko dawa.

Mama wa Pasua, Moshi

Tiketi za kurudi zimepatikana leo saa nne asubuhi, tarehe 22, vitanda viwili katika chumba kimoja, na kimoja ni cha chini. Shemeji anasema foleni ilikuwa imekwisha fika nje ya mlango. Hizi za kwenda nitazikata hapa Moshi Ijumaa nikitoka sokoni, na mto nimeshauandika kwenye orodha.